Unaenda Majuu na Umeacha Watoi Kariokor? Cheki Hii Kabla Utie Sahihi

Ukikaa base pale Kariokor, kati ya moshi ya nyama choma na wale wasee wa kushona viatu vya ngozi, story ya majuu haikosi. Huyu amepata kazi ya unesi Uingereza. Yule anachapa masomo ya Kijerumani. Mwingine ajenti amemshow alete pasipoti na doo kabla Ijumaa, la sivyo nafasi inaenda. Watu wanauliza mshahara, wanauliza baridi, wanauliza kama huko kuna unga. Swali lenye hukuja la mwisho, saa zingine likiwa limechelewa, ni hili: na familia je?

Sikia, hiyo swali hujibiwi ukishafika. Visa yako tayari imeijibu kabla upande ndege. Kuna karatasi za kazi zenye zinakuruhusu kuleta bibi, bwana na watoi, na kuna zenye zinakutaka wewe na mikono yako tu. Watu wawili wanaweza kutoka ploti moja, wakapanda ndege moja, wakafanya kazi mji mmoja, halafu mmoja akae na watoi wake mwaka unaofuata na mwenzake awaone kwa video miaka mitano.

Na hii si kitu mpya mtaani kwetu. Jina Kariokor lenyewe limetoka kwa Carrier Corps, wale wasee walibebeshwa mizigo ya wanajeshi wa Mwingereza kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na wengi hawakurudi kwao. Baadaye, enzi ya ukoloni, manyumba za manispaa huku Eastlands zilijengwa kwanza na hesabu ya mwanaume peke yake. Aje afanye kazi Nairobi, alale kwa kitanda chake, bibi na watoto wabaki ushago. Sheria ya mtu aje bila watu wake tunaijua kutoka kitambo. Siku hizi inakuja ikiwa PDF.

Nesi na kea si kitu moja

Tuanze na Uingereza, juu hapo ndio wengi wanapeleka macho, hasa tangu Kenya na Uingereza watie sahihi mkataba wa wafanyikazi wa afya Julai 2021.

Kama wewe ni nesi, umesajiliwa na umepata hospitali ya kukudhamini, unaingia na visa ya Health and Care Worker. Hiyo inakubali wategemezi. Mtegemezi kwa macho yao ni bibi au bwana, ama mpenzi mwenye mmekuwa pamoja kwa uhusiano kama wa ndoa angalau miaka 2, na watoto wenu wenye hawajafika miaka 18. Basi. Kaka yako hayuko. Binamu mwenye umelea tangu class two hayuko, hata kama anakuita mathe, isipokuwa kuna karatasi za kisheria kama za kuasili.

Kama wewe ni kea, yaani unaenda kutunza wazee kwa nyumba za kulelea, mambo ilibadilika 11 Machi 2024. Kuanzia hiyo siku, kea na kea mkuu mwenye anaingia mara ya kwanza haruhusiwi kuleta mtu. Wenye walikuwa wameshaingia kwa hiyo kazi kabla ya hiyo tarehe ndio waliachiwa mlango. Halafu 22 Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri kea kutoka nje. Kwa hivyo leo, ajenti akikwambia ako na kazi ya kea Uingereza, unatoka Nairobi na unaenda na bibi na watoi, amekudanganya mara mbili kwa sentensi moja.

Hiyo Julai 2025 pia walipandisha kiwango cha ujuzi. Kazi nyingi zenye hazihitaji ujuzi wa kiwango cha digrii, zile zimebaki kwa orodha ya muda, nazo hazikubali wategemezi kwa watu wapya. Kwa hivyo usiulize tu kama kazi inapatikana. Uliza iko kiwango gani, na ikiwa iko kwa hiyo orodha, jua unaenda solo.

Wanafunzi nao walifungiwa mapema. Tangu Januari 2024, ukienda kusomea masters ya kawaida ya darasani huwezi kubeba familia. Wenye wameachwa ni wa PhD na masters za utafiti, na wale wa skolashipu za serikali. Ile plan ya zamani, bibi asome, bwana afanye kazi, watoi waingie shule, ilikufa hapo.

Kwa upande mwingine, nesi mwenye ameruhusiwa akileta bwana yake, huyo bwana anaweza kufanya karibu kazi yoyote bila kudhaminiwa na mtu. Anaweza hata kuwa kea. Na watoi wanaingia shule ya serikali bila karo. Hapo unaona tofauti ya karatasi mbili ni maisha ya watu wanne.

Usimfiche mtoto

Hii nataka uisome polepole. Kuna ushauri mbaya unazunguka mtaani: jaza fomu uko singo, huna mtoi, ndio wakuone mtu mwepesi, utamleta baadaye ukishasimama. Wacha.

Chukua loto ya green card ya Marekani. Miaka yote sheria yake imekuwa kwamba unataja bibi au bwana yako na kila mtoto wako mwenye hajaoa wala kuolewa na hajafika miaka 21, hata kama haishi na wewe, hata kama hana mpango wa kusafiri. Ukimwacha mmoja nje ya fomu ya kwanza, unaweza kushinda halafu ukanyimwa visa kwa intavyuu, na wewe pamoja na wale uliwataja. Mtu ameomba bahati miaka kumi, imempata, halafu inaanguka juu ya jina la mtoto wake mwenyewe.

Kanada nayo iko na sheria kali: mtu wa familia mwenye hukumtaja na hakukaguliwa wakati unapewa ukaazi, baadaye anaweza kuzuiwa usimdhamini kama familia. Wamelegeza kidogo kwa kesi zingine tangu 2019, lakini usijenge maisha juu ya huruma ya afisa.

Kwingine pia, hata pale fomu ya kwanza haijakuuliza sana, majibu yako yanakaa kwa kompyuta. Ukisema 2026 huna mtoto, halafu 2028 uombe visa ya mtoto wa miaka 7, afisa hatakuwa na haja ya kukukasirikia. Atapanga tu karatasi mbili kando kando.

Karatasi ni za hapa Nai

Wengi hudhani shida iko kwa ubalozi. Mara nyingi iko kwa droo ya nyumba.

Tuseme ulizaa Pumwani, hapo karibu tu. Ile karatasi ulipewa ukitoka wodi ni taarifa ya kuzaliwa, si cheti. Cheti kinatoka kwa idara ya usajili wa raia, na siku hizi unaanzia eCitizen. Kuna watu mtoi amefika class three na bado wako na ile karatasi ya hospitali imekunjwa ndani ya Bibilia. Kukisajili kikichelewa inawezekana, ila inaitisha karatasi zaidi na subira zaidi. Fanya mwaka huu, hata kama huna mpango wa kuenda popote.

Halafu majina. Kitambulisho kinasema hivi, cheti cha mtoto kimeandika jina la mama kivingine, pasipoti iko na jina la tatu lenye ulianza kutumia ukiwa sekondari. Kwetu ni kawaida. Kwa afisa mwenye hajawahi kuona Kariokor, hao ni watu watatu. Rekebisha kabla, ama upate hati ya kiapo kwa wakili na uiambatanishe. Cheti chenye kimerekebishwa kwa njia ya kawaida kina nguvu kuliko maelezo.

Jina la baba pia lilikuwa stress. Kitambo, mtoto wa nje ya ndoa baba hangeandikwa bila yeye kuomba pamoja na mama. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu kinapinga Katiba. Kwa hivyo ile nafasi ya baba kwa cheti si lazima ibaki mstari mtupu. Lakini fikiria kabla ya kujaza, juu hilo jina likishaingia, ubalozi utataka kujua huyo mtu ako wapi na amesema nini.

Ndoa sasa. Come-we-stay ya miaka sita, watoi wawili, kila mtu wa ploti anajua nyinyi ni bibi na bwana. Lakini karatasi hamna. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zinasajiliwa. Kukaa pamoja tu hakuko kwa hiyo orodha. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kudhania kwamba watu wameoana juu wameishi pamoja ni kitu cha kutumika kwa nadra sana. Kama mlipeleka mahari na wazee wakakula mbuzi, hiyo ndoa ya kimila unaweza kuisajili. Msajili alianza kuzipokea Agosti 2017. Kama hamkupeleka kitu, kuna ya kiserikali: mnatoa notisi, mnangoja siku 21, mnaenda mbele ya msajili na mashahidi wawili.

Ndio, Uingereza inakubali wapenzi wenye hawajaoana. Lakini lazima uthibitishe hiyo miaka 2, na hapo watu wa mtaa huanguka. Keja iko na jina ya mmoja, stima ni tokeni, kodi inalipwa keateka kwa mkono. Kama hiyo ndio njia yenu, anza leo kuacha alama: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, rekodi za M-Pesa za kodi na karo, bima ya SHA yenye mmeandikana. Picha za bashi ni za kuongezea ladha tu.

Kama unalea peke yako

Hapa ndio pagumu kushinda zote, na mtaani ni wengi. Uingereza hutaka mtoto aje kuishi na wazazi wote wawili, ama yule mmoja mwenye amebaki hai, ama mzazi mwenye ako na jukumu la mtoto peke yake. Hilo la mwisho si neno la mdomo. Kutuma pesa kila mwezi hakutoshi. Wanaangalia nani anaamua shule, nani anampeleka hospitali, nani shule inampigia simu.

Na huku kwetu Katiba, kifungu cha 53, inasema mama na baba wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana ama la. Hiyo ni poa ukitafuta matumizi. Ukitaka kumtoa mtoto nchini, inamaanisha yule boy wa 2017 mwenye hajatuma hata pampas moja bado ako na sauti.

Kama ako karibu na anakubali, mtafute mapema, aandike ridhaa yake mbele ya wakili na aambatanishe nakala ya kitambulisho. Kama amepotea ama anakataa, kuna mahakama ya watoto pale Milimani, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, na unaomba amri ya malezi. Inachukua muda. Ndio maana unaianza ukiwa bado hapa Nairobi, unaweza kusimama mbele ya hakimu, si ukiwa Uingereza unaomba ofu katikati ya shifti za usiku.

Kitu ingine: ukishaenda na mtoto abaki na shosho miaka mitatu, kila mwezi unaopita unaifanya kesi yako ya jukumu pekee kuwa nyembamba. Shosho ndiye anatia sahihi ripoti ya shule. Shosho ndiye anajua ako na azma. Weka jina lako na nambari yako kwa shule, bonga na mwalimu, weka hizo jumbe. Si maigizo. Ni rekodi ya kile unafanya tayari.

Doo

Kwa visa ya kazi ya Uingereza unaonyesha pesa ya kuwaanzia: pauni 285 za mwenzako, 315 za mtoto wa kwanza, 200 za kila mtoto anayefuata. Bibi na watoi wawili ni pauni 800, na zinatakiwa zimelala kwa akaunti siku 28 mfululizo. Usikope Jumatatu uonyeshe Jumanne. Mwajiri wako anaweza kuthibitisha atawashughulikia mwezi wa kwanza, na hapo hamwonyeshi, kwa hivyo muulize. Kama nyinyi wote, wewe na familia, mmekaa huko na visa halali miezi 12, pia hiyo sharti inaondoka.

Pesa kubwa ni ada ya afya: pauni 1,035 kwa mtu mzima kila mwaka na 776 kwa mtoto. Piga hesabu ya mwenzako na watoi wawili kwa visa ya miaka 3. Ni pauni 7,761, na kwa shilingi hiyo ni zaidi ya milioni. Wenye visa ya Health and Care na familia zao hawalipi hii ada, na hapo ndio nesi anampita injinia. Ada za fomu hubadilika karibu kila mwaka, kwa hivyo angalia GOV.UK siku unalipa, si skrinshoti ya grupu ya WhatsApp.

Huku nyumbani ongeza pasipoti kwa kila kichwa, hata mtoi mchanga, na kipimo cha TB cha IOM, chenye cheti chake kinadumu miezi 6. Usikikimbilie kabla karatasi zingine ziwe tayari, kitaisha na ulipe tena.

Na chunga birthday. Mtoto anahesabiwa umri siku ya kutuma maombi. Ako 17 na nusu? Huyo ndiye wa kwanza kwa foleni, mdogo wake atangoja.

Nchi zingine, haraka haraka

Ujerumani: Kenya ilitia sahihi mkataba wa wafanyikazi Berlin, 13 Septemba 2024. Familia inaweza kufuata, ukiwa na nyumba ya kuwatosha, bima na mshahara wa kuwalisha. Kwa kawaida mwenzako anaitishwa Kijerumani cha A1, ingawa wenza wa wafanyikazi wenye ujuzi uliotambuliwa na wenye Blue Card wamesamehewa. Ukienda kama mwanafunzi wa Ausbildung, ile posho yako si rahisi itoshe kuonyesha unalisha watu wanne. Jipange kumaliza kwanza.

Ghuba: Dubai, mwenye mshahara wa dirhamu 4,000, ama 3,000 na nyumba, anaweza kudhamini familia. Kazi za nyumba Saudia, sahau kuleta mtoto. Ukipata mimba huko bila ndoa, karatasi za huyo mtoto ni vita ingine.

Marekani, mwenzako akiwa raia, bibi au bwana na watoto chini ya 21 hawapangi foleni ya nambari. Akiwa na green card tu, kuna foleni, na ni ya miaka.

Na mathe?

Kila mtu huuliza hii. Uingereza, visa ya kazi haimjui mama yako. Ukishakuwa mkaazi wa kudumu ama raia ndio unaweza kujaribu, na tangu 2012 lazima uonyeshe hawezi kujifanyia vitu vya kila siku na hakuna mtu wala pesa ya kumpatia utunzaji hapa Kenya. Karibu hakuna mtu hupita. Kumbuka pia ukaazi wa kudumu umekuwa ukija baada ya miaka 5, na Mei 2025 serikali yao ilitangaza inataka ifike 10. Kanada iko na super visa, yenye mzazi anaweza kukaa hadi miaka 5 kwa mpigo. Ujerumani imefungulia wazazi wa wafanyikazi wenye ujuzi waliopata kibali kuanzia 1 Machi 2024, lakini bima ya afya ya mzee wa miaka 68 ndio itakuambia ukweli.

Ajenti

Mwenye anakuandikia kazi ya nje lazima awe na leseni ya National Employment Authority, na orodha iko wazi kwa intaneti. Waajiri wa Uingereza wenye wanaruhusiwa kudhamini pia wako kwa orodha ya bure ya GOV.UK. Barua ya udhamini, ile CoS, haiuzwi. Mtu akikuuzia, hata kama ako na ofisi ya vioo taoni, rudi nyumbani na doo yako.

Ukikaa mbele yake, kabla ya kuuliza mshahara, muulize hii, na umwambie ajibu kwa maandishi: kodi ya hii kazi ni gani, na inakubali wategemezi? Akianza kuzunguka, ati mambo ya familia tutaona baadaye, beba pasipoti yako utoke. Usiiache kwa meza.